Matuta ya mpira nje ya shule yetu Nakuru: yanafanya kazi, lakini chungeni pembeni

Naandika hii juu wazazi wa shule zingine wamekuwa wakiniuliza kuhusu yale matuta ya mpira tuliweka nje ya shule yetu huku Mwariki, na nikimjibu kila mtu kivyake kwa simu lazima kuna kitu nitasahau. Jibu fupi ni kwamba ni bidhaa nzuri, nunueni, yanapunguza mwendo kweli. Lakini ni ya barabara ndogo za mtaa, si ya haiwei, na mkiacha nafasi pale pembeni kati ya tuta na mtaro mtakuwa mmetoa hatari katikati ya barabara mkaipeleka pale watoto wanapitia. Hiyo ya pembeni ndio iko na maneno mengi, nitafika.

Kwanza barabara yenyewe. Zamani ilikuwa ya vumbi na mashimo, na ukweli ni kwamba mashimo ndiyo yalikuwa askari wetu, hakuna mtu angepita hapo kwa mwendo hata angetaka. Ikawekwa lami. Tulifurahi sana, nani hataki lami, na vumbi la Nakuru mnalijua, unaanika nguo nyeupe asubuhi jioni unaanua kijivu. Ila lami ilikuja peke yake, haikuja na tuta, haikuja na njia ya kutembea kando, haikuja na zebra, na lango la shule linafungukia moja kwa moja barabarani. Wiki hiyo hiyo boda na Probox zikaanza kupaa. Halafu kuna matipa ya mawe na mchanga yanapeleka vitu kwa mijengo huko mbele, na yakirudi matupu ndio mabaya zaidi, dereva analipwa kwa tripu kwa hivyo kila dakika anaona ni pesa yake inapotea.

Sasa weka hapo saa sita mchana wakati wale wa chekechea, PP1 na PP2, wanatoka. Wengine wamekuja kuchukuliwa, wengine wanashikwa mkono na dada mwenye pia ni wa gredi 2 tu, mtoto anamlinda mtoto. Mama wa mabuyu na barafu yuko ng'ambo ya barabara. Mtoto akiwa na shilingi tano mkononi haoni gari, anaona barafu. Na hata akiangalia, mtoto wa miaka sita saba hajui kupima mwendo, anaona gari iko mbali basi kwake iko mbali, hajui itamfikia kabla hajamaliza kuvuka. Ongeza gari zimeegeshwa kando na yeye kimo chake hakifiki hata kwa kioo, dereva anamuona tu akishatokea mbele ya bampa.

Ndivyo kijana mmoja wa gredi 2 aligongwa. Mguu ulivunjika mara mbili, akakaa na plasta karibu muhula wote, mamake anauza mboga na alikuwa anambeba mgongoni kwenda kliniki. Kitu ilinikaa akilini ni kwamba yule dereva hakuwa mlevi, hakuwa kwa simu, na alisimama akasaidia. Alikuwa anaenda kama kilomita 50 kwa saa hivi. Yaani mwendo wenye sheria inaruhusu, juu marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2017 yanasema karibu na shule usizidi 50. Lakini 50 ni mwendo gani kwa mtoto? Gari ikiwa 50 inakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hivyo dereva akishtuka tu, kabla hata mguu haujafika kwa breki, mita 14 zimeisha, halafu breki ichukue zingine kama hizo ndio gari isimame. Ikiwa 30 inasimama kwa mita kama 13 au 14 jumla. Maana yake mtoto akitokea mita 15 mbele yako, mwenye alikuwa 30 amesimama na mwenye alikuwa 50 ndio kwanza anaanza kukanyaga breki. Ndio maana Februari 2020 mawaziri walipokutana Stockholm kwa mambo ya usalama barabarani walikubaliana 30 iwe ndio mwisho pale watu wa miguu na magari wanachanganyika. Na Kenya tunazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabara miaka hii, na kundi kubwa zaidi ni watu walikuwa wanatembea tu kwa miguu.

Alama ilikuwepo, msiseme hatukuwa na alama. Ile pembe tatu ya watoto wanakimbia ilisimamishwa, ikakaa, watu wakapita nayo, halafu bati likaibwa likaenda kwa chuma chakavu ikabaki nguzo. Trafiki pia walikuja asubuhi moja, na siku hiyo barabara ilikuwa shwari kabisa, kila mtu anaenda pole pole anasalimia. Walipoondoka mwendo ukarudi kabla ya saa nne. Hapo ndio wazazi tuliamua tunataka kitu itakaa hapo usiku na mchana, mvua na jua, kama kuna mtu anaangalia ama hakuna.

Haya, bidhaa. Ni vipande vya mpira mzito mweusi, inaonekana ni ile ya kusagwa kutoka kwa tairi kuukuu, kila kipande urefu nusu mita, upana sentimita 35, kimo sentimita 5. Kina mistari ya manjano inayong'aa na vitu vidogo kama macho vya kurudisha mwanga wa taa. Vinashikana kimoja kwa kingine, unapanga mpaka uvuke barabara, halafu kuna vipande vya mwisho vyenye vimechongwa mviringo vya kuweka kwa ncha. Tulinunua kwa duka moja la vifaa vya usalama hapa mjini, kipande kilikuwa kama elfu mbili na mia tatu, cha mwisho bei chini kidogo. Mistari miwili ya tuta, moja kila upande wa lango, pamoja na bolti na fundi na jenereta, pesa ilikaribia elfu themanini. Si kidogo. Tulichanga kwa M-Pesa, kuna mtu alitoa hamsini na kuna mtu alitoa elfu tano, na hardware moja ya mtaa ikatupea bolti kwa bei ya kununulia.

Duka nalipatia alama zote. Yule kijana wa pale aliuliza barabara ni pana kiasi gani, ni lami ama maramu, magari gani yanapita, kabla hajauza chochote. Alituambia wazi hii kitu haishiki kwa maramu usijisumbue, na kama kuna malori mengi yenye mzigo mzito itakula bolti. Kipande kimoja kilikuja na tundu limepasuka wakakibadilisha bila maneno. Risiti sawa, mzigo ukaletwa na pikapu mpaka lango la shule. Kitu ningeomba warekebishe ni bolti, ziwe ndani ya kifurushi. Unauziwa tuta halafu unaambiwa utafute bolti kando, na bolti ndio kila kitu hapa.

Juu sikilizeni, kwa bolti ndio hii bidhaa inakufa ama inaishi. Fundi alikuja Jumapili na drili, akatoboa lami haraka haraka akapiga bolti akakaza, ikaonekana poa kabisa. Baada ya muda tukaanza kusikia ile sauti, gari ikipita tuta linasema taka-taka, taka-taka. Ukiinama ukaangalia kwa karibu unaona kipande kinainuka upande mmoja gurudumu likikanyaga, na kichwa cha bolti kimetoka nje kama sentimita moja. Hiyo bolti ikitoka mzima inaenda kwa tairi ya boda iliyobeba watoto watatu. Fundi mwingine, mzee ameshafanya kazi na kampuni za barabara, akaja akatuonyesha shida. Tundu ukilitoboa linabaki limejaa unga wa lami, na bolti inashika ule unga, haishiki barabara. Akang'oa zote, akapuliza kila tundu na pampu ya baiskeli mpaka vumbi likaisha, akatia gundi ya epoksi, ndio akarudisha bolti akaacha ikauke usiku mzima barabara ikiwa imefungwa nusu nusu. Tangu hapo imetulia. Kwa hivyo mkinunua, mwambieni fundi mbele ya macho yenu apulize tundu, na mtu wa shule azunguke na spana mara moja kwa wiki. Kwetu ni yule bawabu, anafanya Ijumaa jioni.

Mwendo umepungua ama haujapungua? Umepungua sana, na hii tulipima, si mambo ya kusema tu. Mwalimu wa hisabati wa gredi 7 alifanya iwe somo. Waliweka alama mbili kwa ukuta zimeachana mita 50, watoto wakakaa ndani ya uzio na saa ya simu wakahesabu gari inachukua sekunde ngapi kutoka alama hadi alama. Hesabu ni rahisi na shule yoyote inaweza: gari ikitumia sekunde 6 kumaliza mita 50, iko 30 kamili. Ikitumia 4 iko 45. Ikifika chini ya hapo ujue hapo kuna hatari. Kabla ya matuta magari mengi yalikuwa yanamaliza kwa sekunde tatu na kitu. Sai nyingi zinachukua saba, nane, na matatu zenye springi zimekwisha zinachukua hata zaidi juu dereva anaogopea gari yake. Hizo karatasi za watoto ndizo tulipeleka baadaye kwa ofisi inayohusika na barabara, na niamini, karatasi yenye nambari inasomwa haraka kuliko barua ya kulia.

Sasa ile ya pembeni. Barabara yetu haina njia ya miguu, watoto wanatembea kwa ile sehemu ya udongo kati ya lami na mtaro. Tuta la mpira linaisha pale lami inaisha, na inafaa liishe hapo ndio maji ya mvua yapite, ukilifikisha mpaka kwa mtaro maji yanajaa nyuma yake yanakula barabara. Kwa hivyo kunabaki kinafasi. Boda wakaiona siku ya kwanza. Anakuja na mwendo wake, akifika kwa tuta hapunguzi, anaingia kushoto kwa udongo, mguu mmoja nje, anapita, anarudi kwa lami. Na pale kwa udongo ndio kuna watoto. Simameni na mtoto wa gredi 1 kando ya pikipiki muone, usukani uko usawa wa uso wake. Usawa kabisa. Mara ya kwanza niliona hiyo, boda moja imepenya kati ya wasichana wawili wamebeba chupa za maji, mmoja akaruka kwa mtaro, nilisema hii tuta tuitoe leo leo kama hatuwezi kuziba hiyo njia.

Hatukutoa, tuliziba. Tulipata vyuma vya mabomba ya zamani, tukakata vikawa vifupi, tukachimba, tukajaza zege ndani na chini, tukapaka nyeupe na nyeusi. Ujanja ni kuvipanga vipishane, kimoja mbele kidogo kimoja nyuma kidogo, juu ukivipanga mstari mmoja na uache nafasi ya mtu, boda pia inaenea, na ukizibana sana kuna mtoto wetu mmoja wa gredi 4 anatumia kiti cha magurudumu hataweza kupita. Vikipishana, kiti kinapinda pole pole kinapita, mtoto anapita, lakini boda lazima isimame kwanza, na akishaona lazima asimame anaamua heri apande tu tuta. Pia tuliongea na mwenyekiti wa steji ya boda, na yule jamaa nampa heko zake, hakuhitaji kusukumwa, nusu ya wanachama wake watoto wao wanasoma pale. Wakajiwekea faini wenyewe, ukionekana kwa udongo unalipa steji. Hivyo vyuma vilitugharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na matuta, na kama mngeniuliza kitu gani kimeokoa watoto zaidi hapo nje, ningesema ni zote mbili pamoja, tuta bila vyuma nisingeshauri mtu yeyote.

Kuhusu umbo. Kuna wazee walisema mpira wa nini, mngemwaga zege tu, tungemaliza na elfu kumi. Nimeona hayo ya zege mitaani, yale watu wanamwaga usiku baada ya mtoto kugongwa, na ninaelewa hasira yenyewe, lakini yanakuwa makali kama ukuta, hayana rangi, hayana alama, usiku boda inaruka inaanguka. Mama mjamzito ndani ya tuktuk anapita hapo, gari ya wagonjwa inapita hapo. Na kuweka tuta bila ruhusa ya mwenye barabara ni kosa, litakuja kung'olewa, na mtu akiumia juu yake kesi ni yenu. Tuta zuri kabisa ni lile pana la lami. Waingereza walilifanyia utafiti miaka ya 70, kwa maabara yao ya barabara, na umbo lenyewe bado linaitwa kwa jina la Watts aliyelipima mwaka 1973: urefu kama mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari, kimo sentimita 10, linapanda na kushuka mviringo. Gari nzima inapanda juu yake kabla ishuke, kwa hivyo ukienda pole huumii na ukienda mbio linakurusha. Hilo la mpira la sentimita 35 ni tofauti, gurudumu linapiga na kushuka mara moja. Na hapo kuna udhaifu mkutane nao mapema: dereva wa gari kubwa lenye springi nzuri akigundua kwamba akipita kwa kasi anahisi kidogo kuliko akipita kwa mwendo wa katikati, anaweza kuamua kupaa. Tuna wawili watatu hivi, magari ya juu. Matipa matupu nayo yakipita usiku yanapiga kelele, vyuma vya nyuma vinalia, jirani wa mkabala na lango amelalamika na ana haki. Kwa hivyo mimi naona haya matuta ni ya kushikilia mpaka mjengewe ya lami. Ombeni ya lami, lakini msikae mikono mitupu mkingoja.

Kama shule yenu iko kando ya ile barabara kubwa ya kwenda Eldoret, ama ile ya Kisumu kwenda Busia, tafadhali msipeleke hii kitu huko. Hizo ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na zinapita trela. Trela ya kutoka Mombasa haiwezi kusimama ghafla kwa tuta la mpira, na sisi wa upande huu tunajua gari kubwa ikishindwa kusimama inafanya nini, Londiani tarehe 30 Juni 2023 iliua zaidi ya watu 50 walikuwa tu kando ya barabara wanauza na kungoja gari. Huko kunataka ile mistari imeinuka kidogo ya kutetemesha gari, mbali kabla ya shule, halafu tuta, halafu kivuko. Ghana walifanya hivyo pale Suhum, kwa barabara ya Accra kwenda Kumasi, waliweka ile mistari ya kutetemesha na ajali zikashuka kwa karibu asilimia 35 na vifo kwa karibu asilimia 55. Na hapa jirani Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likizunguka shule moja moja likiweka matuta, njia za miguu, vigingi na alama pamoja, mpango wao unaitwa SARSAI, mwaka 2019 ulishinda ile tuzo ya kimataifa ya miji inaitwa WRI Ross. Nasema hivi ili msimezwe na mtu anakuambia vitu kama hivi ni vya Ulaya. Shule za huko Dar ni kama zetu tu, maskini wanatembea kwa miguu kwenda shule.

Ruhusa. Hapa ndio mtachoka lakini fanyeni. Ulizeni kwanza barabara ni ya nani, kama ni ya mtaa mara nyingi ni kaunti, kama ni ile kubwa ya mjini inaweza kuwa KURA, mamlaka ya barabara za mijini, huko vijijini KeRRA, ile ya barabara za vijijini. Sisi ofisi ya kwanza tuliyoenda ilitukalisha na kuturudisha mpaka tukagundua hata barabara si yao. Andikeni barua kwa jina la shule, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi wasaini, mwekeni mchoro hata wa mkono unaonyesha lango na mahali tuta litakaa, mweke karatasi za mwendo, mpelekee nakala chifu, OCS yaani mkuu wa kituo cha polisi, na MCA yaani mwakilishi wa wadi. Yetu ilipita na masharti mawili, tuweke alama kabla ya tuta kila upande na tupake mistari. Alama safari hii tulichora kwa ukuta wa shule wenyewe kwa rangi, kubwa, mtoto anakimbia na namba 30, hakuna mtu ataiba ukuta.

Vitu vingine tulinunua pamoja nitapita haraka. Reflekta za watoto, zile fulana za manjano, ni nzuri kwa wale wa gredi 6 mpaka 9 wanaofika alfajiri bado giza, lakini zile za bei ya chini mistari yake inabanduka ukifua mara chache, heri ununue chache nzuri wavae wa mbele na wa nyuma wa kikundi. Kile kibao cha kushika mkono cha SIMAMA ni kizuri sana, madereva wanakiheshimu kuliko mkono mtupu. Anayekishika ni mama mmoja anaishi hapo karibu, tunamlipa kitu kidogo kila mwezi, anavusha asubuhi, saa sita na jioni. Yeye huwa anasema anavusha na tuta, yaani gari inakuja tayari imepungua halafu yeye anaimalizia. Kabla ya matuta alikataa hiyo kazi, alisema hatakufa kwa elfu tatu.

Kasoro ya mwisho ni vumbi. Yale macho ya kurudisha mwanga kwa matuta yanajaa vumbi, hasa Januari na Februari kukiwa kukavu, na usiku tuta linakuwa jeusi juu ya lami nyeusi. Mgeni wa barabara hatajua. Mistari ya manjano pia imeanza kukwaruzwa pale matairi yanapita. Sisi tunapitisha ufagio na maji Jumatatu, na tumepaka rangi nyeupe ya barabara kabla ya tuta kila upande, hiyo inaonekana vizuri kuliko macho yenyewe. Kama mko mahali hakuna taa ya mtaa hilo mliweke kwa bajeti toka mwanzo.

Alama zangu: kupunguza mwendo nyota tano kwa magari madogo, tatu kwa malori. Kudumu nampa nne kama bolti zimewekwa vile nimesema, moja kama hazijawekwa hivyo. Bei nne. Kwa boda bila vyuma pembeni, nyota sifuri, na hiyo simaanishi kumuumiza mwenye duka.

Mkienda kununua bebeni tepu mpime lami mahali kamili tuta litakaa, si kukadiria, juu barabara zetu upana unabadilika na kipande hakikatwi. Ulizeni za kimo cha sentimita 5, kuna za saba na nusu na wauzaji wengine watawasukumia hizo wakisema ni kali zaidi, lakini gari za chini zitakwaruza na tuktuk itawarusha abiria. Wekeni tuta kama mita 20 hivi kabla ya pale watoto wanavukia, si juu yake, ndio gari ifike kwa mtoto ikiwa imeshapungua, na kama uzio wa shule ni mrefu ongezeni lingine, msiache zaidi ya mita mia kati yake maana watakanyaga mafuta hapo katikati. Na nunueni vipande viwili vya ziada vikae stoo. Sisi tumeshatumia kimoja.